Mtoto wa Bitamisi

Jumatano, 18 Februari 2026

Majivu. Misa ya asubuhi pale Cyangugu, kanisa limejaa mpaka nje, manyunyu. Padri Néhémie alinichora msalaba mkubwa kwenye paji la uso. Sikuufuta kutwa nzima.

Jioni nilikuwa namwosha Maman miguu. Kichwa chake siku hizi kinaondoka na kurudi. Kuna siku mimi ni Spéciose, mtoto wake wa pekee. Kuna siku mimi ni Kamikazi, mdogo wake ambaye tulimzika zamani. Leo nilikuwa Kamikazi. Adhana ikasikika kutoka Kamembe. Nikasema tu, bila kufikiri, kwamba mwaka huu Waislamu na sisi tumeanza mfungo pamoja.

Maman akanishika mkono. Nguvu gani ile, kwa mwanamke wa miaka tisini!

– Kamikazi, funga mulango. Kama Bitamisi anarudia, umwambie mutoto alikufa. Umwonyeshe kaburi ya mutoto wangu. Asimuone Spéciose.

Nikacheka. Bitamisi ni nani?

Akaniangalia kama mimi ndiye niliyepotea.

– Mama yake. Bitamisi, bibi ya Assumani. Bale Baislamu tulikuwa nabo mu parseli moja kule Kadutu.

Nilimkausha miguu, kidole kwa kidole. Nikamwaga maji. Nikampa uji. Alikula vizuri.

Wazee wanachanganya mambo. Mwandiko wangu naona ni uleule.


Alhamisi, 19 Februari

Leo ananijua. Ameomba chai ya tangawizi, amelalamika soksi zinabana. Nikataja Kadutu, ule mtaa wetu wa zamani wa Bukavu, kama mzaha. Akasema Kadutu kulikuwa na matope. Basi.


Ijumaa, 20 Februari

Maharagwe yameungua. Njia ya Msalaba mchana. Niliimba sauti ya pili kama kawaida.


Jumamosi, 21 Februari

Wakatekumeni wangu. Watu wazima wote, watabatizwa usiku wa Pasaka. Mukengere, yule fundi ujenzi wa Bukavu, ameuliza swali: muntu akibatizwa mutoto, hajui kitu, hakuulizwa – ubatizo unashika? Anauliza kwa ajili ya binti yake mchanga.

Nikajibu kama ninavyojibu kila mwaka. Unashika. Wazazi wanasema ndiyo kwa niaba yake.

Sauti yangu ilikuwa nzuri. Nilijisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.


Jumapili, 22 Februari

Tena. Baada ya chakula cha mchana. Mimi ni Kamikazi tena, na sikumkatiza. Nilikuwa namenya viazi karibu na kitanda chake.

Anasema Bitamisi alikuja na kitambaa cheupe kichwani, amekonda, viatu vya kiume. Papa, baba yangu, alimpokea mlangoni. Maman alikuwa nyuma, jikoni, na mtoto mapajani.

– Spéciose alitaka kuita. Alikuwa anasema-sema sana ule mutoto. Nikamuziba kinywa. Nilimuziba na mikono yangu yote miwili, Kamikazi, mpaka akakuwa muzito. Nikafikiri nimemwua.

Hakuwa akilia. Anasimulia kama mtu anayesimulia bei za sokoni.

Nimejaribu kukumbuka. Mkono, kiganja, giza, kitu chochote. Hakuna. Ninakumbuka tu harufu ya mkaa, na hiyo kila mtu anaikumbuka.

Nimemenya viazi vingi mno. Tutakula viazi mpaka Jumatano.


Jumanne, 24 Februari

Gashonga. Maman Larissa, jirani, amekubali kukaa na Maman. Nikapanda pikipiki ya motari mpaka kwa Mzee Anastase, mdogo wa marehemu Papa. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya wale walioishi Bukavu nasi kabla hatujavuka mpaka kurudi huku.

Alikuwa barazani anachambua maharagwe. Sikio moja limekufa, la pili linakaribia. Inabidi upige kelele. Basi jambo lililofichwa miaka yote hiyo nikalipigia kelele – majirani wake wote sasa wanajua!

– Nani alikuambia?

– Maman.

Akachambua maharagwe machache tena. Akasema kama Maman mwenyewe ameshasema, yeye anaficha ya nani.

Alivyosimulia ni hivi. Assumani alikuwa muuza vitambaa, mtu wa Kasongo. Mkewe ni Bitamisi. Walikuwa na binti mmoja mkubwa na mchanga mmoja wa kike. Wanakaa parseli moja na Papa na Maman, choo kimoja, bomba moja. Vita vya Mulele, yale maasi ya miaka ya sitini, vilipofika Bukavu, askari wakasema watu wa Kasongo wote wako na waasi. Wakamchukua Assumani. Hakurudi. Bitamisi akapata nafasi kwenye kamyo, lori la Bujumbura linalopitia Bugarama. Mchanga alikuwa na surua, anawaka, hawezi safari. Na Maman alikuwa ametoka kuzika mtoto wake mwenyewe, kifua kimejaa maziwa.

– Alimupatia mama yako. Akasema: mpaka nirudie.

– Na alirudia?

– Alirudia. Ulikuwa unatembea, unakimbia. Bapadri balikuwa balishakubatiza. Mama yako Mukarugwiza alisema akikupoteza na weye, anajitupa mu muto Ruzizi. Papa yako alimwamini.

Papa alimpeleka Bitamisi makaburini na kumwonyesha kaburi la mtoto wa Maman. Mzee Anastase alikuwako, alisimama nyuma yao. Bitamisi hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: mlimlaza ameelekea wapi? Papa hakuelewa swali. Akasema: ziwani.

Mwezi uleule tukahama, tukaenda mtaa wa Bagira. Nilidhani tulihamia Bagira kwa sababu ya kazi ya Papa. Ndivyo nilivyoambiwa.

Nikamwuliza: huyo mchanga, mama yake alimwita nani? Akaokota punje moja iliyoanguka. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia.

– Mwavita. Sababu ya vita.

Ameniambia pia kwamba alimwona Bitamisi miaka ya baadaye, soko la Bugarama, anauza vitumbua. Yeye akajificha nyuma ya magunia. Muzee muzima! – amesema hivyo mwenyewe, akacheka kidogo, akanyamaza. Hajui kama yu hai.

Alinipa mkungu wa ndizi. Motari aliufunga nyuma kwa mpira. Njia nzima niliogopa utaanguka.


Jumatano, 25 Februari

Mvua. Ndizi zimeanza kuiva.


Ijumaa, 27 Februari

Nimempigia binti yangu Chloé, yuko Huye. Nilimwambia moja kwa moja, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba wa mbali. Akacheka – kile kicheko chake cha woga.

– Maman, kwa hiyo sisi ni Baislamu?

Sijui sisi ni nini, nikamwambia. Mimi nimefunga, ni Ijumaa, nina njaa.

Kisha akakasirika. Si juu yangu. Alikuiba, akasema. Nyogokuru – ndivyo anavyomwita bibi yake – alikuiba, Maman, liite kwa jina lake.

Nikatazama mlangoni. Maman alikuwa kwenye kiti chake, jua magotini, anakunja na kukunjua taulo. Nikasema: alininyonyesha.

– Mutu anaweza kuiba na kunyonyesha.

Ni kweli. Chloé amesoma sheria, kila kitu kwake kina jina.

Nimefikiri baadaye kwamba labda kama ningelia akanisikia ingemsaidia. Alikuwa anangoja nilie, nilimsikia anangoja.


Jumapili, 1 Machi

Nimemwambia Padri Néhémie baada ya misa ya pili, sakristia, wakati anavua mavazi. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu. Alikaa chini na alba, ile kanzu nyeupe ya misa, ikiwa nusu begani.

Alisema ubatizo haufutiki. Alisema Mungu hakukosea njia. Alisema: Maman Chloé, wewe ni wetu. Maneno mema yote. Halafu akauliza polepole kama nitaendelea na wakatekumeni mpaka Pasaka. Na kama kuna mwingine anayejua. Na kama si vizuri tukae kimya kwanza, watu wasichanganyikiwe.

Nikamwambia Gashonga nzima inajua. Mzee ni kiziwi.

Hakujua kama acheke. Mimi pia.

»Wetu.« Hata Maman lazima alisema hivyo. Huyu ni wetu.


Ijumaa, 6 Machi

Nimekwenda Bugarama.

Nilivaa gauni la bluu, lile la mikono mirefu. Kitambaa kichwani, kama ninavyovaa kanisani. Joto la kule ni jingine, unashuka milima na mwili wako unaanza kulainika. Mashamba ya mpunga yamejaa maji. Miaka yote hii nimekuwa nikija Bugarama kununua mchele. Nashuka, napima, napanda gari, narudi. Bitamisi alikuwa anauza vitumbua. Huenda nilimpita. Huenda nilikula.

Karibu na msikiti niliuliza mwanamke anayepanga nyanya: watoto wa Bitamisi mnawajua? Akanielekeza bila kuinua kichwa. Feruzi fundi, mlango wa kijani.

Mwanaume wa miaka hamsini na kitu, miwani shingoni, kanzu nyeupe zimerundikana mpaka dirishani – kazi ya Idi. Anakanyaga cherehani haraka. Nikasimama mlangoni.

– Natafuta watoto wa Bitamisi.

– Umenipata. Mama alishatangulia mbele ya haki, sasa miaka saba. Karibu. Wewe ni nani?

Sikuwa nimeandaa jibu! Tangu Kamembe mpaka pale nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo.

– Naitwa Spéciose. Nafikiri mimi ni Mwavita.

Cherehani ikasimama.

– Mwavita alikufa, akasema. Kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgeni. Alikufa Bukavu, mdogo. Mimi sikuwa nimezaliwa, mama alikuwa hajaolewa tena. Mama aliona kaburi lake.

– Aliona kaburi. Lilikuwa la mtoto mwingine.

Nikamweleza. Nilieleza kwa mpangilio, kama darasani: nani, wapi, lini, kwa nini. Aliniangalia mdomo, halafu paji la uso, halafu mikono. Katikati ya maelezo akaanza kulia. Analia kwa sauti, yule! Mikono imelala juu ya kanzu ya mtu. Mwanamke wa nyanya akaja mlangoni, na wengine nyuma yake. Mimi nilishika mkoba wangu. Niliangalia uzi mweupe ulioning'inia kwenye sindano na nikawa nawaza kwamba machozi yatatia doa kitambaa.

Akasema nina paji la mama. Akasema hivyo kwa watu wote waliokusanyika: angalieni, paji la mama! Wakaangalia. Wakakubali.

Mkewe Zaituni akatukaribisha nyuma, uani. Akauliza nilete maji, au umefunga? Nikasema nimefunga.

– Ya kwetu ao ya kwenu?

Nikamwambia ni Ijumaa ya Kwaresima. Akacheka, akasema basi tukae hivyohivyo na njaa zetu.

Kisha dada mkubwa, Zaina. Ana miaka sabini na zaidi, anakaa humo ndani, miguu imevimba. Yeye ndiye alikuwa kwenye kamyo. Walimleta ameshikwa mabega pande zote mbili. Feruzi akamwambia yote tena, haraka, kwa machozi. Zaina hakulia. Aliketi mbali nami.

– Mwavita nilimubeba mugongoni, akasema. Nilikuwa na miaka tisa. Mama aliporudi kutoka Bukavu akasema amekufa, nilikataa kula. Nilipigwa ili nile. Sasa nani atanirudishia ile?

Akavuta mguu mmoja kwa mikono miwili, akaunyoosha.

– Unajua mama alikuwa anafanya nini? Kila mwaka, mwezi huu wa mfungo, alikuwa anavuka kwenda Kadutu. Anapalilia lile kaburi. Kila mwaka, mpaka vita vikamzuia njia. Alitufariji: angalau walimulaza muzuri, upande wa ziwa ni upande wa kibla.

Nikasema sikujua.

– Haukujua. Lakini kuna muntu alijua.

Akauliza: yuko hai? Nikasema yuko hai, yuko kwangu, ninamwosha, ninamlisha. Zaina akageuza uso. Tangu hapo hakuniita jina lolote. Si Spéciose, si Mwavita. Alisema tu »huyu«. Huyu ataondoka na gari gani. Huyu mpeni mchele.

Feruzi akanipeleka makaburini, kwa mama, kabla ya gari. Kilima kidogo cha udongo, nyasi fupi, hakuna jina. Alijua tu. Akainua viganja akaomba. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye paji la uso – ukafika, ukabaki hapo. Nikajifanya najikuna. Kisha niliinua viganja kama yeye, lakini sikuwa na neno la kuweka ndani. Nikavishusha.

Feruzi alidhani nimelemewa. Alinishika bega njia nzima mpaka kwenye gari.

Sikuwa nimelemewa. Nilikuwa nikifikiria kama Maman Larissa amekumbuka dawa ya Maman ya shinikizo la damu.

Hii ndiyo ninayoandika hapa, maana siwezi kumwambia mtu.


Jumamosi, 7 Machi

Wakatekumeni. Somo lilikuwa Ibrahimu. Nimelifundisha nusu, nikawaruhusu mapema.


Jumatatu, 9 Machi

Asubuhi Maman alikuwa mzima kabisa. Alinisalimia kwa jina. Aliuliza Chloé ataolewa lini, na kwa nini paa la jirani limebadilishwa. Nikaona: sasa, au basi.

Nikakaa kitandani pake. Nikasema: Maman, nimewaona watoto wa Bitamisi.

Hakushtuka. Aliacha tu kutafuna. Mkate ukabaki shavuni.

Nikamwambia Bitamisi amekufa. Nikamwambia kwamba kila mwaka alivuka kwenda Kadutu, akapalilia kaburi. Kaburi la mtoto wako, Maman. Wewe ulikuwa Bagira, ukiogopa kupita pale. Yeye alilipalilia.

Nje mtu anauza maziwa, anaita. Maman akameza mkate.

– Nilikuwa na maziwa, akasema. Ilikuwa inatoka bure. Inamwangika mu nguo, inakauka, inanuka. Njo akanipatia mutoto.

Nikangoja. Nilitaka aseme jambo jingine. Nisamehe, au sijutii, au chochote.

– Alinyonya siku ileile, akasema. Na surua yake. Alinyonya.

Halafu akasema ananijua mimi ni nani, na kwamba mkate umekosa chumvi. Nilikwenda kuleta chumvi. Mkate hauongezewi chumvi mezani. Niliporudi, alikuwa ameshaondoka tena, ananiita Kamikazi.

Nilisimama na chumvi mkononi.


Jumatano, 11 Machi

Hakuna. Nimepiga pasi vitambaa vya altare. Vyote, na vile vilivyokuwa safi.


Ijumaa, 13 Machi

Feruzi amepiga simu. Anapiga kila siku sasa, baada ya futari, ananisimulia mama. Alivyokuwa mkali. Alivyopenda samaki. Alivyokuwa akiulizwa ana watoto wangapi, anamhesabu na wa Kadutu, halafu anasema: mmoja amenitangulia. Nasikiliza. Nasema ndiyo, ndiyo. Ana sauti nzuri, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

Leo alikuwa na jambo. Wanataka kuja. Baada ya Idi, Jumapili ile, yeye na Zaituni. Na Zaina.

– Dada Zaina? Na miguu ile?

– Amesema lazima amwone huyo mama.

Nikamwuliza anataka kumwambia nini. Hajui. Zaina hasemi. Feruzi mwenyewe anataka kushukuru, ndivyo alivyosema: aliyekulea amekulea, hata kama ulivyopatikana ni vibaya. Amelala na jambo hilo siku kadhaa, amemwuliza shehe pia. Lakini dada hajamwuliza mtu.

Ningeweza kusema hapana. Mwanamke wa miaka tisini, kichwa kinaondoka, mtamtisha. Hata Padri angenisaidia kukataa.

Nikasema: njooni mchana, baada ya misa.


Jumatatu, 16 Machi

Nimenunua sufuria mpya. Ya zamani imeshapika nguruwe.


Jumatano, 18 Machi

Chloé anakuja Jumamosi. Anasema hawezi kuniacha peke yangu na hao watu. Nikamwambia hao watu ni mjomba wako na mama yako mkubwa. Nilikuwa nimesema bila kukusudia – neno lilitoka kama sarafu inavyotoka mfukoni.

Usiku nilijaribu jina chooni, mlango umefungwa. Mwavita. Nilisema kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Hakuna aliyejibu.


Ijumaa, 20 Machi

Idi. Kamembe wamevaa vizuri, watoto wadogo wana miwani ya jua. Feruzi ameniombea kwa simu, maombi marefu, nikasema amina mwishoni. Mchana Njia ya Msalaba. Nikasema amina na huko.

Chloé angeuliza ipi ilikuwa ya kweli. Zote zilitoka kwa mdomo mmoja, mkavu.


Jumapili, 22 Machi

Naandika chumbani kwa Maman. Wako sebuleni. Nimekuja kumtazama na sijaweza kutoka.

Walifika saa nane. Feruzi amevaa kanzu aliyoshona mwenyewe. Zaituni ameleta vitumbua kwenye bakuli lililofungwa kitambaa – mapishi ya mama, akasema. Zaina alishuka kwenye taksi akishikwa, akakataa kiti cha sofa, amekaa kiti cha mbao karibu na mlango. Mkoba mapajani. Hajagusa chai. Chloé anamwangalia kama wakili wa upande wa pili.

Tukazungumza juu ya barabara. Juu ya mchele, mvua, bei ya mafuta. Feruzi akala, akasifu, akala tena, ili watu wengine wapate la kutazama.

Kisha Zaina akasema: nipelekeni.

Nikatangulia. Maman alikuwa ameketi kitandani, nimemvisha kitenge kipya. Zaina akasimama mlangoni hapa, amejaza mlango, kitambaa cheupe kichwani. Sikufikiria habari ya kitambaa! Walivaa vyeupe wote, ni sikukuu, nami sikufikiria.

Maman alimwona. Uso wake ukafunguka wote. Akanikamata kitenge, hapa kiunoni, kwa mikono miwili.

– Bitamisi, akasema. Umekonda.

Zaina aliegemea fimbo yake. Nilisikia pumzi yake, ana pumzi fupi. Maman akaanza kutetemeka, kitanda kikatetemeka naye. Akasema kwa haraka, Kinyarwanda, Kiswahili, mchanganyiko – mutoto ana surua, mutoto analala, usimwamushe, rudia kesho. Rudia kesho, Bitamisi.

Nilimtazama Zaina. Nikadhani sasa atasema. Alichokuja nacho kutoka Bugarama, chochote kile, sasa atakitoa. Midomo ilikuwa inacheza. Aliniangalia mimi, kisha Maman, kisha mikono ya Maman kwenye kitenge changu. Akageuka. Nikasikia fimbo yake mpaka sebuleni, na kiti cha mbao kikilia.

Tangu hapo sijatoka. Maman ameegemea ubavu wangu, macho amefumba, hajalala. Daftari nimelichukua mezani kwa mkono mmoja. Chloé amechungulia, nikamwashiria aende. Namsikia Feruzi anaongea chini chini. Zaituni anakusanya vikombe. Labda wanataka kuondoka. Magari ya Bugarama si mengi siku ya Jumapili.

Inabidi nitoke. Watu hawaachwi hivi sebuleni. Nimefikiri nitakapotoka nitasema nini na sina neno, kama kule makaburini. Nimepangusa mafuta ya kitumbua vidoleni.

Kiti cha mbao kimelia tena. Amesimama.

Ameita.

– Mwavita!

Si Feruzi. Ni yeye, Zaina. Sauti kubwa, ya uani, ya kumwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali. Zaituni ameacha kukusanya vikombe.

– Mwavita, wee!

Maman amefungua macho. Ananiangalia. Sijui anamwona nani.

– Itika, amesema. Unaitwa.

Lakini kitenge changu hajakiachia.